Hodi Tatu za Mashavu

Sogeeni. Kabla sijafungua mdomo, apeni! Nyote, hata wewe unayecheka huko nyuma. Hili halitoki hapa. Likitoka nitakana, nitasema siku hiyo sikuwepo. Kwa kwa kwa! Haya, mmeapa?

— Tumeapa!

Kisa!

— Kishuke!

Kisa!

— Kishuke tukipokee!

Basi kilishuka zamani hizo, watu wakisema na wanyama, na wanyama wakijibu, tena wengine kwa jeuri. Palikuwa na mwanamke, Mwanatumu, msuka mikeka. Mumewe kafa. Eda kaimaliza, kilio hakikumwisha. Akiona kofia ya marehemu ukutani, analia. Akisikia mtu anakohoa kama yeye, analia. Harufu ya tumbaku ikipita, analia. Hata mkeka hausukiki, ukili umelowa machozi. Siwatanii!

Siku moja shambani kwake, katikati ya mihogo, akamkanyaga Kobe. Kobe huyoo, kichwa ndani, miguu ndani, kimya.

"We Kobe, humo ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Ndiyo utamu wake."

"Hata kilio?"

"Kilio kinaingilia machoni, kinaingilia masikioni, kinaingilia puani. Vyote nikivivuta ndani, kitapita wapi? Nikishavivuta, ndipo nakaa na Mungu wangu."

"Nifundishe na mie."

"Viite kimoja kimoja, kama unavyoita kuku wakalale. Usivikemee."

Mnamwona huyo? Kuingia kamfundisha. Kutoka hakumwambia. Na yule naye hakuuliza!

Mwanatumu akarudi nyumbani, akatia komeo, akaketi, akaimba:

*Rudini, macho, rudini,*
*nje hayuko mwenyewe.*

Macho yakarudi. Kofia ukutani ikapotea.

Siku ya pili akaimba:

*Rudini, masikio, rudini,*
*nje hayuko mwenyewe.*

Masikio yakarudi. Jogoo, vinu vya majirani, vikohozi, vyote vikapotea.

Siku ya tatu akaita pua, akaita ulimi, akaita na ngozi. Nzi anamtembea mkononi, hana habari.

Kimya. Jamani, kimya! Moyo ukatulia kama maji ya mtungini. Na Kobe alisema kweli, hapo ndipo mtu anakaa na Mungu wake. Lakini Mwanatumu hakukaa na Mungu. Alikaa na kule kutolia. Akasema moyoni, kidogo tu. Kidogo tena. Kidogo tena.

Sasa alikuwa na binti mmoja, Mashavu, kaolewa ng'ambo ya mto, ana mimba ya kwanza. Na mimba ya kwanza mnajua wenyewe, mtu anazalia kwa mamake. Siku hiyohiyo ya tatu, mchana kweupe, huyo kafika, furushi la nguo za mtoto kichwani, uchungu umeshamshika.

"Hodi, mama!"

Kimya.

"Hodi, mama! Ni mie Mashavu!"

Kimya.

"Hodi, mama! Nimekuja kuzaa!"

Kimya.

Mtasema si angeita tena? Ee, hamumjui Mwanatumu! Mtoto kamlea kwa makofi: hodi ni tatu, usipojibiwa geuka, ya nne ni utovu wa adabu, hata kwa mamako. Mashavu akageuka. "Mama kaenda kwangu," akajisemea. "Tumepishana." Akashika njia ya mto. Anashika mti huu, anapumua. Anashika mti ule, anapumua.

Wewe wa nyuma, hucheki tena? Na mie hapa huwa sicheki.

Jirani yao, Bi Mize, akitoka kukata kuni, akamkuta kivukoni. Kichanga kinalia. Mamake halii tena.

Bi Mize akakibeba, akaja, akavunja mlango kwa shoka. Akamtikisa Mwanatumu, wapi! Akamlazia kichanga kifuani. Kikapiga ukelele. Ngozi ikashtuka, masikio yakafunguka, macho yakarudi mahali pake.

"Wa nani huyu?"

"Wa Mashavu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Alikuja hapa, Mwanatumu. Nilisikia hodi zake tatu nikienda kukata kuni. Nikajua umemfungulia."

Hakulia. Walipokwisha kuzika, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda mpaka kwenye mihogo.

"Kobe! Umenidanganya!"

"Kimya si ulikitaka? Hukukipata?"

"Mwanangu kaniita, sikumsikia!"

Kobe akamtazama. Akamtazama na mtoto. Akasema, "Mie, mama, mayai yangu nayafukia mchangani, naondoka zangu. Hakuna anayenipigia hodi."

Akaingiza kichwa ndani.

Kisa kilishuka, kimewakuta, sasa kimepanda. Sisi tumebaki chini.

Aliyenihadithia ni bibi yangu mzaa mama, Sikujua. Yeye ndiye aliyekuwa mgongoni. Na jina hilo alimpa Mwanatumu mwenyewe.