Maji ya Shamba Moja

Hapo zamani, wala si zamani za mbali, vijana wa kijiji kimoja cha Upareni waliteremka mlima mmoja mmoja kwenda kutafuta maisha mjini. Mashamba ya tangawizi yakaota magugu. Ndiva, bwawa lao la kumwagilia, ikabomoka ukuta. Lori la mnunuzi likaacha kuja, maana hakuna anayepanda mlima kufuata magunia ya kuokoteza.

Nakijwa, mjane mwenye ulimi mkali, alibaki. Kila asubuhi alizibua mfereji kwa jembe lake, huku akiwatukana waliokwenda. Kizibo cha ndiva akakishika yeye. Nani mwingine angekishika?

Siku moja Elinaja, aliyehamia Dar es Salaam, akaleta saruji ya kujenga ukuta. Mwenyewe hakuja. Alimtuma kibarua wake, Mahona, Msukuma aliyefika mlimani kutafuta kazi. Pembe ya msaragambo ikalia, kuwaita wote kwenye kazi ya pamoja, na sheria ni moja: asiyeitika hapati maji. Mahona akaitika, "Elinaja yupo!"

"Elinaja, mbona umerefuka siku hizi?" watu wakacheka.

Ukuta ukasimama. Mahona akakodi shamba la kulima mwenyewe, akafyeka magugu, akapanda kwa wingi. Lori likarudi. Hata Nakijwa akauza.

Kisha mvua ikagoma. Ndiva ikabaki na maji ya shamba moja tu. Elinaja akapanda basi, akaja. Wakakutana watatu ukutani.

"Dada Nakijwa, bila saruji yangu mngemwagilia kwa vikombe," akasema Elinaja. "Na pembe ilipolia, niliitika."

"Uliitika ukiwa Kariakoo?"

"Niliitikiwa. Na aliyeniitikia nilimlipa."

"Ulilipa siku zangu," akasema Mahona. "Mama, lori linafuata magunia ya nani? Nikikosa maji naondoka, na lori halirudi."

"Jina ulitaja langu, hukutaja lako," akadakia Elinaja.

"Ningetajaje langu? Niliambiwa mgeni haitiki pembe."

Nakijwa akatema mate pembeni.

"Mimi ndiye niliyesema hivyo," akasema. "Sikatai. Lakini mfereji ungekufa, wewe Elinaja saruji ungeimwaga wapi? Na wewe Mahona ungekuja kulima nini? Tangawizi yangu inakauka naiona, na mimi sina Dar es Salaam wala Usukuma ya kurudi."

"Kizibo unacho wewe, dada. Usijipendelee."

"Sijipendelei. Nadai."

Jua likapanda. Nakijwa akainama, akashika kizibo, asikivute.

Haya, nyinyi mliokaa hapo mmeshiba. Msiniambie wagawane: maji yale yakikatwa mara tatu hayafiki hata shamba moja. Yuko yule aliyeondoka akaleta saruji, yuko yule aliyekuja akarudisha lori, yuko na huyu aliyebaki akalinda mfereji. Je, Nakijwa alimwagilie shamba la nani?