Neno Moja la Mwalimu Mwandawiro

Mwenye masikio mawili ayalete yote, na mwenye haraka atangulie. Hadithi yangu haimkimbilii mtu.

Huko milima ya Taita aliishi mama aliyeitwa Mkamburi, na mumewe, Mwalimu Mwandawiro, aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na mitatu. Watoto wa kijiji kizima walipita mikononi mwake, wake mwenyewe wakiwemo, na wote walilijua neno lake moja. Ukikosea kusoma, aligonga meza kwa rula akasema, "Again!", yaani tena, rudia. Ukipatia, alisema "Again!" vilevile, usije ukasahau.

Nyumba hiyo ilikuwa na watatu wenye vipawa. Wakesho, kifungua mimba, alikuwa na sikio. Aliongoza kwaya, na mmoja akipotoka sauti kati ya arobaini, alimtaja kwa jina. Kilei, mdogo wake, alikuwa na jicho. Alikuwa fundi wa mawe, na ukuta ukiinama upana wa ukucha, chakula hakikumpita kooni. Mshai, mke wa Kilei, alikuwa na subira, na subira haionekani wala haisikiki, kwa hiyo hakuna aliyeiita kipawa.

Alikuwepo na Samba, kitinda mimba. Huyo baba yake alimrudisha darasa la saba mara tatu, kwa neno lilelile. Mwaka wa tatu alishuka tambarare kwenye machimbo ya vito, asirudi. Miaka kumi na minane jina lake halikutajwa pale nyumbani, maana wote waliamini kwamba Mwalimu hataki kulisikia.

Mwezi wa Machi Mwalimu akapigwa na kiharusi. Alipozinduka, maneno yote yalikuwa yamekwenda, ya Kiswahili, ya Kitaita, hata jina la mkewe. Lilibaki moja tu: "Again."

Sasa sikieni kosa ambalo wanafunzi wake peke yao wangeweza kulifanya. Waliposikia "Again," walirudia! Wamemnywesha uji, wakamnywesha tena. Wamemgeuza ubavu, wakamgeuza tena. Siku moja mzee alilishwa bakuli tatu mpaka uji ukamtokea puani. Mkamburi alicheka, kisha akajifungia jikoni akalia. Miaka arobaini na mmoja amelala kitanda kimoja na mtu huyu, na leo hajui kama ana kiu au anaaga dunia.

Alipotoka jikoni aliichukua kengele ya shaba ambayo Mwalimu alipewa alipostaafu. Katika nyumba ile, mwenye kengele hiyo ndiye aliyewakusanya wote kila Desemba, na aliyeitwa hakuthubutu kukosa.

"Baba yenu kuna kitu anakitaka," alisema. "Atakayenijulisha kabla hajafa, kengele ni yake."

Wakesho alikaa kando ya kitanda, akafumba macho. Siku ya tatu alikuwa amezitenga sauti. "Ikishuka, Mama, anakataa. Ikipanda, ana kiu. Ikikatika katikati, anaumwa. Lakini iko nyingine, ya jioni. Ni ile ya rejista, alipoita jina mara ya pili na mtoto hajaitika. Baba anaita mtu." Mtu gani, hakujua.

Kilei alisimama mlangoni, akakodoa macho. Aliona kwamba baba akitoa sauti hiyo hawaangalii wao. Akatoa uzi wake wa ujenzi, akaunyoosha kutoka usoni pa mzee, na uzi ukaishia nyuma ya mlango, penye safu ya misumari ambapo zamani watoto wa nyumba, na wa majirani pia, walitundika mikoba. Msumari wa nani, hakujua.

Mshai hakufumba wala kukodoa. Tangu Machi alikuwa akiandika kwenye daftari kila "Again" na saa yake, huku watu wakimwuliza kama hana nguo za kufua. Alilifungua mbele ya mkwewe. "Ile ya jioni ni saa kumi na moja na nusu, Mama. Siku za shule tu. Jumamosi na Jumapili, hamna. Saa hiyo walikuwa wanatoka akina nani?"

Mkamburi alijua. Watoto wote walitoka saa kumi. Saa kumi na moja na nusu ilikuwa ya waliobakizwa shuleni kurudia somo, na katika nyumba ile aliyebakizwa alikuwa mmoja.

"Samba," alisema.

Kilei alimfuata mdogo wake machimboni, akamwambia tu kwamba baba ni mgonjwa. Walifika Alhamisi, jua likianza kupoa. Samba aliinama kuingia, na mzee akamwona, akasema, "Again."

Samba akasimama pale pale. "Hata leo, Baba? Nirudie tena?" Akageuka kuondoka.

Mkamburi alimshika shati. "Anakuita, mwanangu. Miezi saba anakuita, nasi tunamlisha uji."

Samba alilia kama mtoto. Kisha akaenda kando ya kitanda, akasimama wima, mikono ubavuni. "Nipo, Mwalimu."

Mzee alifumba macho. Neno lile halikusikika tena. Ijumaa asubuhi alikuwa amekwenda.

Matanga yalipokwisha, waliketi kuamua kengele ni ya nani. "Bila sikio langu mngekuwa mnamletea maji mpaka kesho," alisema Wakesho. "Wifi, daftari halisikii."

"Na sikio halioni," alisema Kilei. "Uzi wangu ndio uliofika mlangoni."

Mshai aliliweka daftari mapajani mwa mama mkwe, akaenda kuosha vyombo.

Na Samba alikuwa ameketi chini, chini ya misumari. "Mimi siidai," alisema. "Lakini atakayeipiga, nitakuja."

Mkamburi ameishika kengele, kidole kimeubana ulimi wake isije ikalia. Ahadi ni deni, naye aliahidi mmoja. Akimpa huyu, wawili watanuna, na nyumba iliyokwisha kumpoteza mtu miaka kumi na minane haina wa kupoteza tena. Asipompa yeyote, siku naye akifa nani atamwita Samba?

Desemba hiyo inapiga hodi. Haya, nyinyi mliokaa mkinikodolea macho: kengele mngempa nani?