Baiskeli Nyekundu ya Singano

Mmemsikia shangazi yenu akimwambia mshenga, "Baiskeli husifiwa sokoni, huulizwa mlimani," nanyi mkacheka. Kaeni kwanza, niwaeleze methali hii ilianzaje.

Huku kwetu Usambaani aliishi mjane mmoja, Mama Hoza, muuza maziwa. Njia yake ilikuwa nusu mawe, nusu lami. Kwa miguu, maziwa yalifika yamechacha, na mnunuzi akamwonya kwamba yakichacha tena atatafuta muuzaji mwingine. Mama Hoza akauza ng'ombe wake mtamba ili anunue baiskeli. Mtamba mwingine hakuwa naye.

Shemeji yake, Singano, akajitolea kumsindikiza sokoni. Mimi mtu akijitolea haraka hivyo hujiuliza yeye atakula nini hapo. Mama Hoza naye alijiuliza, ila akafuatana naye.

Sokoni, Singano hakuangaza macho. Alikwenda moja kwa moja kwa muuzaji mmoja, akashika baiskeli nyekundu inayong'aa.

"Hii ndiyo yako, shemeji. Kwenye lami inaruka, kwenye mawe inapaa."

Mama Hoza akaikagua. Rangi ilikuwa mbichi shingoni tu, pale uma unapoingia kwenye fremu, kama ya kufunika ufa. Tena muuzaji hakuuliza itapita njia gani wala itabeba nini.

Kando ya muuzaji huyo, mzee mmoja alikuwa akiuza baiskeli kuukuu ya bei nafuu, tairi zake si nyembamba sana wala si nene sana.

"Hiyo achana nayo, imechoka," Singano akasema upesi.

"Haya, nitachukua nyekundu," Mama Hoza akajibu. "Ila kwanza ipandishe kile kilima cha mawe, uteremke nayo na haya madumu yangu ya maziwa yakiwa yamejaa maji."

"Mimi?"

"Si umesema inapaa?"

Singano akamtazama muuzaji. Muuzaji akatazama chini.

"Mguu unaniuma, shemeji."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Asubuhi ulinitangulia njia nzima."

Moyo ulimuuma Mama Hoza, maana huyu alikuwa ndugu wa marehemu mumewe. Akamgeukia yule mzee.

"Naweza kuijaribu yako mlimani?"

"Nenda nayo," mzee akasema, naye akimtilia shaka. "Lakini uniachie kitu."

"Nakuachia shemeji yangu."

Mama Hoza akafunga madumu ya maji nyuma, akapanda mawe, akateremka, akazunguka kwenye lami. Breki zililia njia nzima, lakini maji hayakumwagika. Akailipia palepale. Ile nyekundu ilinunuliwa na mgeni, na jioni aliirudisha begani, ikiwa imekatika shingo. Muuzaji alikuwa ameshaondoka. Maziwa ya Mama Hoza hayakuchacha tena, na Singano siku ile alirudi nyumbani kwa miguu, pamoja na ule uliokuwa ukimuuma.

Sasa mshenga wenu amekuwa akimsifu kijana wake anayetaka kuoa kwetu tangu juzi: hodari, mpole, hachoki. Shangazi yenu akasema vizuri, basi aje atusaidie kupandisha mahindi kutoka shamba la bondeni. Leo jibu limeletwa. Kijana anaumwa mguu.

Baiskeli husifiwa sokoni, wajukuu zangu, huulizwa mlimani.