Matanga ya Pimbi Mwambani

Zamani za kale, nyinyi wenye masikio mazima, wanyama walikuwa na nyumba zao, vyungu vyao na umbea wao kama sisi tu. Pimbi, yule mdogo wa kuenea kikapuni, aliishi na mkewe Pelele juu ya mwamba. Chini kando ya mto, kwenye udongo mweusi, waliishi wakubwa: Kifaru, Mama Ngiri na watoto wake, na Mbogo, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kivuko.

Asubuhi moja ya masika, jua likiwaka vizuri, Pimbi alishuka kuchota maji. Akasimama na mtungi wake. Maji yalikuwa mekundu, yamebeba povu na vijiti. Sisimizi walikuwa wakipanda juu na mayai yao mdomoni. Mbali milimani, wingu jeusi lilikuwa limekaa kimya, utadhani limelala.

Watoto wa Mama Ngiri walikuwa wanacheza pale pale ukingoni.

"Jamani, majirani! Pandeni juu! Mafuriko yanakuja!"

"Mafuriko na jua hili?" Kifaru akacheka, ho! ho! ho!

"Mvua inanyesha milimani, ndugu yangu."

"Basi wahame hao wa milimani," akasema Mbogo. "Mimi mto huu nauvuka tangu sijaota pembe, haunifiki magotini. Hebu tuondokee, una maneno mengi kuliko mwili wako!"

Pimbi akarudi mwambani, machozi yanamlengalenga. Akamwambia mkewe, "Mke wangu, nikiwaita nikiwa hai hawaji. Leo nakufa."

"Salaale! Unakufa kwa nini?"

"Kwa chochote. Wewe lia tu."

Maana bonde lile lilikuwa na desturi yake. Akifa mtu, hata kama mlinuniana, unafunga nyumba, unabeba mkeka, chungu, unga na watoto, unahamia msibani mpaka azikwe. Kukosa matanga ilikuwa aibu ambayo hata Kifaru hakuiweza.

Pelele akajitwika mikono kichwani. "Yuuuwiii! Mume wangu! Umeniacha na nani miye? Yuuuwiii!"

Bonde zima likasikia. Kivumbi! Mama Ngiri huyoo na watoto wake, Kifaru na gunia la unga, Mbogo akavuka kivuko na kuni begani. Wakajaa juu ya mwamba, wakatandika mikeka, wakalia kwikwi, kwikwi.

Pimbi alikuwa amelala chali chini ya shuka jeupe. Mwanga wa jua ulipenya kitambaani, laini kama maziwa, na sauti zikamjia kutoka mbali.

"Alikuwa mtu wa watu," Mbogo akasema, akipenga kamasi. "Mpole! Hana maneno!"

Pimbi akajiuma ulimi asicheke. Kisha joto likamlegeza, akawa kama anaelea. Akauona mto katika ndoto, umejifunga kanga nyekundu, unashuka polepole kutoka milimani, unagonga mlango mmoja mmoja. Hodi. Hodi. Hakuna aliyeitikia, na Pimbi akafurahi usingizini.

Halafu akasikia sauti ya Mbogo.

"Jamani, nimesahau godoro langu la sufi. Mgongo wangu huu na mwamba haupatani. Navuka mara moja, narudi."

Pimbi akazinduka. Chini kabisa, huko kwenye bonde, alisikia mngurumo wa mto: guuuuu.

Akinyamaza, Mbogo anakufa. Akiinuka, wote watajua wamedanganywa, watakunja mikeka kwa hasira na kushuka na watoto wao. Lakini Pimbi alimpenda Mbogo, pamoja na jeuri yake yote, na hakuweza kulala kimya.

"Mbogo! Usivuke! Rudi!"

Maiti imeketi! Mama Ngiri akaanguka, puu! Kifaru akajificha nyuma ya chungu, kisimfiche hata pua. Naye Mbogo, aliyebakisha hatua chache afike majini, aligeuka akaona shuka jeupe limesimama linampungia mkono. Miguu ikagoma.

Ndipo mto ukaja mbele yake. Guuuuu, pwaaa! Miti mizima na mizizi yake. Kivuko kikatoweka, nyumba zikaondoka taratibu kama zinatembea. Godoro la sufi likapita, chura ameketi juu yake.

Mbogo akapanda kwa magoti. "Pimbi... umekufa, hujafa?"

"Nilikufa kidogo."

"Umetudanganya!" akafoka Kifaru.

"Asubuhi niliwaambia kweli, mkacheka."

Mama Ngiri aliamka, akawanusa watoto wake, mmoja baada ya mwingine, kisha akamkumbatia Pimbi na shuka lake akalia kilio cha kweli.

Ugali wa matanga ukapikwa, ukaliwa pamoja na marehemu. Mbogo mwenyewe ndiye aliyemmegea, tonge kubwa kuliko kichwa cha Pimbi.

Basi wanangu, mto ukibadilika rangi, hata jua likiwaka, pandeni juu mapema, msivuke, na mlichosahau chini kiacheni kiende.