Nyani na Masazo ya Kidawa

Hadithi inabisha hodi.
— Karibu, ipite.
Imetoka mbali, ina njaa.
— Ikae, ile na sisi.

Basi. Palikuwa na pimbi mmoja mjane, Mama Kidawa, aliyeishi kwenye majabali na bintiye wa pekee. Kidawa alikuwa mtoto mpole, hana neno na mtu, ila chakula. Akiwekewa kunde: "Sitaki, zina macho." Akiwekewa mchicha: "Sitaki, unateleza." Akiwekewa kiazi: "Sitaki, kina nyuzi." Alikubali makuyu tu, yaliyoiva, na makuyu yote ya bonde lile yalikuwa ya Nyani. Yalikuwa yake kwa sababu Nyani ana meno marefu na hakuna aliyejitokeza kumwambia si yake.

Mama akabembeleza. Mama akaimba. Mama akatisha. Kidawa akafumba mdomo, mm-mm. Akakonda, mbavu zikahesabika.

Siku moja Tai akapita juu. Pimbi wote wakakimbilia kwenye mianya ya mawe, tiri-tiri-tiri. Kidawa akabaki nyuma, miguu haina nguvu. Mama yake akarudi, akamburuta. Tai akaondoka na manyoya kidogo tu ya mgongoni.

Mchana ule Mama Kidawa alikwenda kwa jirani yake Sange, mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia.

"Shoga, mwanangu ananifia mkononi."

Sange akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kesho pika kama kawaida. Weka chakula, halafu nyamaza. Usimwambie ale. Usimtazame hata. Mengine niachie."

Akaenda kwenye mkuyu. Nyani alikuwa amekaa kwenye tawi la chini, mashavu yamejaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Makuyu sitoi."

"Sikuja kuomba. Nimekuja kukuhurumia. Kule majabalini Mama Kidawa anapika chungu kizima kila siku, mtoto hali, chakula kinamwagwa."

Nyani akaacha kutafuna. "Kinamwagwa?"

"Kinamwagwa. Anatafuta mtu wa kumaliza. Atakachobakiza mtoto ni chako. Ila hapokei mgeni wa mikono mitupu. Nenda na kapu la makuyu. Na ukifika, mzee, chunga sana mtoto asishawishike. Akila yeye, utakula nini?"

Kesho yake Nyani akafika na kapu. Mama Kidawa akaweka sinia la kunde katikati, akaweka na kuyu moja pembeni, akageukia jiko lake. Kidawa akala kuyu. Nyani akavuta kunde zote, kacha-kacha-kacha, mpaka sinia likang'aa.

Siku ya pili Nyani akafika na kapu. Kidawa akala kuyu, akamtazama akila mchicha, mfyoo, mfyoo.

"Babu, hautelezi?"

"Unateleza vibaya," Nyani akasema haraka. "Mbaya kabisa. Usiuguse."

Siku ya tatu Nyani akafika na kapu. Alipoona Kidawa anachungulia kunde, akazifunika kwa kiganja.

"Mbona unaficha?"

"Sifichi."

"Nionyeshe."

"Zina macho hizi, mjukuu wangu. Zitakutazama."

Kidawa akapenyeza mkono chini ya kiganja, akachomoa punje moja. Akainusa. Akailamba. Akaitia mdomoni. Mama yake aliona yote kwa pembeni ya jicho, akainama kupuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu, na machozi yakamdondokea majivuni.

Siku ya nne alichukua punje tano. Siku ya tano, konzi. Kadiri Nyani alivyoficha, ndivyo Kidawa alivyochokonoa. Siku ya saba Tai alipita tena, na Kidawa akawahi kwenye mwanya kabla ya mama yake.

Siku ya kumi Nyani akafika na kapu, jasho linamtoka. Akakuta sinia tupu na Kidawa anajilamba vidole.

"Masazo yangu yako wapi?"

"Sijabakiza," Kidawa akasema.

Nyani akamgeukia Sange, aliyekuwa ameketi mlangoni pa mwanya, mahali ambapo mkono wa nyani haupiti.

"Umenidanganya."

"Tuliambiana atakachobakiza ni chako. Chukua chote alichobakiza."

Nyani akatazama sinia. Akalipindua, akatazama chini yake. Akaondoka, na alipofika kwenye mkuyu akakuta ndege wamemaliza yaliyobaki. Siku kumi mlinzi hayupo.

Fundisho ni hili. Ulafi ni tabia mbaya sana, labda awe nao mgeni, na amekuja na kapu. Nanyi watoto, msichague chakula kama Kidawa, ambaye alipata makuyu kila siku, akapikiwa na mama, akahudumiwa na jirani, na akaletewa nyani mzima wa kumchekesha. Mmeona alivyotaabika.

Mimi nimemaliza yangu, sikubakiza.
— Nasi tumeshiba.