Nani Ashike Mti wa Moto

Hapo zamani, katika kijiji cha wafinyanzi, mwanamke hakuruhusiwa kuchochea moto wa vyungu mpaka atimize mwaka mzima bila kuona hedhi. Mmoja tu ndiye aliyekabidhiwa mti wa kuchochea, na vyungu vyote vya kijiji vilimtegemea yeye.

Nasero, mwenye mti huo, alizeeka, ikabidi amwachie mwingine. Binti zake watatu walikuwa wametimiza mwaka.

Nakiete, mkubwa, aliutimiza kwa taabu. Joto lilimpanda kutoka kifuani hadi shingoni, akatoka jasho hata asubuhi za baridi. Kila alikokwenda alijifunga khanga mbichi shingoni. Namsifu, wa kati, alikosa usingizi, akawa anasahau hata jina la mkwewe. Akajizoeza kufunga mafundo kwenye kamba ili asipotewe na hesabu ya kazi zake. Nakunda, mdogo, hakupata lolote. Hedhi haikuja tena, basi.

Hilo ndilo lililomkera Nakiete. Wametoka tumbo moja, kwa nini yeye aungue na mwenzake apite kama anayekwenda sokoni? Alimwuliza mama yake. Nasero akasema hajui. Yeye mwenyewe hakutoka jasho, ila dada yake alilala sakafuni miaka mitatu akitafuta ubaridi.

Siku ya kuchoma vyungu, mama alipowaachia moto wote watatu, Nakunda alimtania Nakiete: “Dada, unachemka na kuni hazijawashwa.” Watu wakacheka. Nakiete hakucheka.

Moto ukawaka. Nakiete aliusogelea, akashindwa, akakaa mbali. Nakunda alichochea hadi alasiri, paji la uso kavu. Nakiete akaomba kimoyomoyo chungu kipasuke, hata kimoja tu.

Mara khanga mbichi ikampoza upande wa pili wa shingo. Upepo ulikuwa umegeuka, na Nakunda, pale motoni, hakuutambua. Nakiete akavitazama vyungu. Kisha akasema, “Hamisha kuni. Upepo umegeuka, moto utavipasua vyungu.”

Nakunda akahamisha. Watu walipotaka kufukua vyungu, Namsifu, aliyefunga fundo kwa kila mzigo wa kuni, akawazuia: bado mizigo miwili. Hakikupasuka hata kimoja.

Wakasimama mbele ya mama yao.

“Mwaka mzima nimeungua, mama,” akasema Nakiete, “na ngozi hii iliyoungua ndiyo iliyookoa vyungu.”

“Bila kamba yangu mngefukua vibichi,” akasema Namsifu.

“Mmoja alisema, mmoja alihesabu,” akasema Nakunda. “Motoni alisimama nani? Au mnaninyima kwa kuwa sikuumwa?”

Nasero akaunyoosha mti. Mikono mitatu ikanyooka, wa Nakiete mbele.

Je, ninyi mliosikia, nani alistahili kuushika?