Kofia ya Bwanakheri

Hapo zamani, zamani ya bibi zetu na si ya mbali zaidi, palikuwa na mtu aitwaye Bwanakheri. Alfajiri alikuwa mwokaji. Harufu ya tanuri lake ndiyo iliyouamsha mtaa. Mchana alikuwa fundi wa milango ya nakshi. Jioni akipiga udi, kinanda chake cha nyuzi, waliogombana walisahau walichogombania. Alianza na gunia moja la unga, akaishia na tanuri, karakana na watu wanaomtegemea. Lakini mikate ya kwanza kutoka motoni hakuiuza. Aliipanga dirishani, achukue mwenye njaa, asiulizwe jina.

"Utafilisika," watu walimwambia.

"Nikifilisika nitakuja kula dirishani."

Nyumbani alikuwa na kazi nyingine. Mkewe, Bi Mwanamize, alimshonea kofia, tundu kwa tundu, kwani Bwanakheri hakuvaa kofia ya mkono mwingine. Macho ya mkewe yalipofifia, yeye ndiye aliyemtungia uzi. Kila asubuhi alitunga sindano, akazichomeka kwenye kijimto. Kila alasiri, akirudi, aliita toka uchochoroni: "Mize, upo?" Naye mkewe alijibu: "Nipo."

Asubuhi moja alitunga sindano nyingi kuliko kawaida.

"Leo umeniona hodari, au mvivu?" mkewe akauliza.

"Nimekuona unanichelewesha. Sikukuu hiyo inakuja, na kichwa kitupu."

Akacheka, akatoka. Mchana akaanguka karakanani, patasi mkononi. Waliomwinamia walimsikia akisema: "Kofia aimalize. Amvike anayestahili." Kisha akakata roho.

Mwanamize akaingia eda. Nyumba ikawa kubwa. Akashona polepole, kwa sindano zile zile alizotungiwa, na hakumruhusu mtu mwingine amtungie uzi. Sindano zikapungua. Ilipobaki sindano moja na tundu moja, akaweka kazi chini. Kofia isiyokwisha bado ina mwenyewe.

Eda ikaisha. Watu wakaja kudai kofia. Mwanamize akaketi mkekani, akachomoa sindano ya mwisho.

Akasema Zena, aliyekuwa akikanda unga kwa Bwanakheri: "Bi Mize, tangu mazishi tanuri halijazimika. Unga ulipoadimika, nililala njaa mimi, dirisha halikukosa mkate. Ukarimu wake uko katika mikono hii."

Jirani mmoja, Bi Tatu, akaangua kicheko. "Kofia utaivalia wapi, shoga? Juu ya ushungi?"

"Nitaitundika juu ya tanuri, na wewe utapita chini yake ukija kubeba mkate wa bure, kama kawaida yako!"

Watu wakacheka. Mwanamize akasikia, akanyamaza, akapitisha sindano.

Akasema Fumo, mwanafunzi wa karakanani: "Mama, mlango aliouacha fundi wangu nusu nimeumaliza mimi. Mwenye nyumba haoni mkono wa fundi uliishia wapi na wangu ukaanzia wapi. Niliambiwa nichonge jina langu, nikachonga lake. Hata mwendo wangu, watu wanasema, ni wake. Kofia inataka kichwa. Hiki hapa."

Mwanamize akasikia, akanyamaza, akapitisha sindano.

Mlangoni alisimama Makame, mzee mchukuzi wa maji, na mkokoteni wake. Hakudai kitu. Bi Tatu ndiye aliyemsema: "Na huyu je? Kila alasiri kwenye dirisha la mjane wa watu: 'Bi Mwanamize, upo?' Eda gani ile!"

"Sikusimama hata siku moja," akasema Makame. "Niliita, akajibu 'Nipo,' nikasukuma mkokoteni. Bwanakheri hakunifundisha ufundi. Nilijua tu kwamba saa ile mle ndani kuna mtu aliyezoea kuulizwa."

"Sauti tu!" akasema Fumo. "Hata kasuku huita."

"Kweli, mwanangu. Lakini nyumba ile haikuwa na kasuku."

Mwanamize akasikia, akanyamaza, akapitisha sindano. Akaukata uzi kwa meno. Kofia ikawa imekwisha, na kijimto kitupu.

Akainuka, kofia mikononi. Akimpa Zena, kofia ya mumewe haitavaliwa na mtu. Itakaa juu ya moto na kuwa nyeusi kwa moshi, ingawa wenye njaa wataijua ni ya nani. Akimpa Fumo, kila siku atauona mgongo wa Bwanakheri ukipita uchochoroni, na kila siku utakapogeuka, uso hautakuwa wake. Akimpa Makame, kabla ya magharibi mji utasema mjane amepata mume, na mzee yule, kwa kumchungia heshima yake, hataita tena.

Ilikuwa alasiri. Mkokoteni umesimama mlangoni. Mwanamize alitega sikio, kama alivyozoea saa ile, na hakuna aliyemuuliza kama yupo.

Haya, ninyi mliokula mkate wa dirishani na ninyi mliosikia harufu yake tu, kofia ni moja, na mikono iliyoishika inangoja. Je, nani alistahili kuvikwa?